Namuzima Kidogo

Juzi jirani alikuwa anapaka rangi lango lake la bati. Rangi ilikuwa imeganda kwenye kopo, akaimiminia petroli kidogo, akaikoroga kwa kijiti, na upepo ukaniletea harufu ile hadi nilipokuwa naanika nguo. Nilisimama na shati la mume wangu mkononi, halijakamuliwa, likinidondokea miguuni. Nyinyi wa rika langu mliokulia Bunia wakati wa vita, najua kila mmoja ana harufu yake. Wengine hawawezi kuvumilia matairi yanayoungua. Wengine ni ule unga wa njano wa msaada uliokuwa na harufu ya gunia hata baada ya kuiva. Mimi ni rangi na petroli, na ajabu ni kwamba hainitishi hata kidogo. Inaniletea usingizi. Nikiisikia natamani kuingia katika chumba chenye dirisha lililofungwa, nikae sakafuni, mtu aniambie nisisogee.

Tulikaa parsele moja, yaani ua mmoja, na Tonton Gaspard. Hakuwa ndugu yetu. Kwetu mwanaume yeyote aliyepita umri wa kaka na hajafikia wa babu ni tonton, na huyu alikuwa amepanga aneksi, kile chumba cha nyuma cha matofali mabichi, nyuma ya jiko la mama. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kucha zake zilikuwa na rangi ya kahawia siku zote, hata Jumapili kanisani. Mama alimtania kwamba ndiyo maana hapati mke, kwani nani atakula sahani moja na mtu ambaye huwezi kujua kama amenawa. Tonton alicheka tu. Alikuwa amesomea uchoraji Kinshasa, akarudi kumuuguza mama yake, mama akafariki, na kabla hajapanga safari ya kurudi barabara zikafungwa. Mwanzoni aliishi kwa kuandika majina ya maduka na kuchora vichwa kwenye milango ya vinyozi. Maduka yalipofungwa na vinyozi wakakimbia, akairudia kazi aliyoisomea, ya kuchora watu.

Hakuchora kitu kingine. Hakuna maua, hakuna tembo, hakuna ziwa na jua linalozama, ingawa hizo ndizo picha wageni walizopenda. Alichora majirani zetu. Aliwakalisha kwenye kigoda, mmoja baada ya mwingine, kwenye chumba ambacho alikuwa ameziba dirisha moja kwa mbao na jingine akaacha nafasi ya ubao mmoja tu. Kwenye nafasi hiyo jua liliingia kama mtu anayepita mlangoni upande upande. Lilimpiga aliyekaa kwenye bega, kwenye paji la uso, labda kwenye goti, na sehemu iliyobaki ya mwili ikazama kwenye giza la kahawia mpaka usijue mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Alichora hivyo hivyo alivyoona, juu ya mashuka makuukuu yaliyopakwa gundi na kutandazwa kwenye fremu. Watu wake walikuwa wa kweli kiasi kwamba Baraka, mdogo wangu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, alimnyooshea mmoja wao kipande chake cha muhogo, akasubiri.

Majirani walisema Tonton ameziba madirisha kwa sababu ya risasi. Hilo lilimuudhi sana. Alisema hata kama amani ingekuwepo tangu siku ya Adamu yeye angeziba, kwa sababu mwangaza ukiingia kila mahali hauonyeshi kitu. Mimi sikuelewa maneno hayo, lakini nilikipenda chumba chenyewe. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaja, shule ilikuwa imefungwa, na mama alipotoka kutafuta chakula au habari aliniacha pale na Baraka. Nilikaa sakafuni penye baridi, nikatazama vumbi likielea ndani ya ule mwangaza, likipanda badala ya kushuka. Sauti za mji zilifika zimelainika. Hata mlio wa bunduki wa mbali ulikuwa kama mtu anayekung'uta mkeka nyumba ya pili. Nilichokatazwa kilikuwa kimoja tu, kupita kati ya dirisha na aliyekaa. Nikijisahau, Tonton alisema bila kugeuka, "Furaha, unakula mwangaza yangu." Nami nilifunga mdomo haraka, kwa sababu niliamini kweli nimeumeza.

Picha iliyoniponza ilikuwa ya wanawake waliokaa wakimenya mihogo. Wawili walikuwa majirani zetu, nawafahamu, mmoja alikuwa ananipigia kelele kila nikimfukuza bata wake. Kati yao alikaa mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumwona. Majirani wawili walikuwa karibu wote gizani, na yule mzee wa katikati alikuwa anang'aa, uso wake wote, kilemba chake, mpaka ganda la muhogo lililoning'inia kwenye kisu. Tonton alikuwa amesimama mbele ya picha na kitambaa, anafuta hapa, anapaka rangi nyepesi ya kahawia pale. Akaniambia huku akinyoosha brashi kwa jirani wa kwanza, yule wa bata:

"Huyu namuzima kidogo. Na ule wa huku vilevile, namuzima."

Nikauliza yule wa katikati je.

"Ule hapana," akasema. "Ule ni mama yangu. Alishakufa."

Sasa mnisikilize, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Kwetu Bunia mtu aliye hai, mwenye afya zake, ni muzima. Ndiyo salamu yetu. Uko muzima? Niko muzima. Wakati ule ndilo lilikuwa swali la kila asubuhi juu ya kila jina. Kuzima nilikujua, lakini nilikujua kwa taa na kwa moto. Sikuwahi kusikia mtu akizimwa. Kumbe walimu wa Tonton walisema kwa Kifaransa kwamba rangi inayopiga kelele lazima izimwe, yaani ififishwe, naye alikuwa amelibeba neno hilo mpaka Bunia na kulivalisha Kiswahili chetu. Nilichosikia mimi ni kwamba huyu ni muzima, na yule wa huku ni muzima, na wa katikati hapana, alishakufa. Hata nilimwonea huruma jirani wa bata, kuwa muzima kidogo tu.

Nikazunguka chumba kizima nikihakikisha. Mchungaji, amekaa gizani, sikio tu linaonekana: muzima, nilikuwa nimemwona asubuhi. Fundi cherehani, giza hadi kifuani: muzima. Msichana mmoja mwenye uso unaowaka kama taa ya karabai: nikamuuliza Tonton ni nani, akasema alikuwa jirani yake Kinshasa, alikufa kwa homa. Sikuhitaji ushahidi zaidi. Wanaoishi wako gizani, na waliokufa wako kwenye mwangaza. Na msinicheke, kwa sababu maisha yetu yote ya wakati ule yalisema hivyo hivyo. Milio ikisogea, jambo la kwanza mama alilosema ni tuzime taa. Tulilala chini ya kitanda, giza tupu, mkono wake juu ya mgongo wangu, akinong'ona kwamba tukinyamaza hivi tutaamka wazima. Na tuliamka. Waliokuwa nje, waliotembea juani barabarani, ndio habari zao ziliwafikia watu zikiwa mbaya. Niliyapanga mambo hayo kichwani mwangu kwa utulivu mkubwa, na yakanipa amani ambayo watu wazima hawakuwa nayo.

Kisha baba akachelewa. Baba alifanya biashara ya samaki. Alienda Tchomia ziwani, akanunua wa moshi na wa chumvi, akarudi nao sokoni Bunia juu ya lori, na nyumba yetu ilinuka samaki mpaka kwenye mito ya kulalia. Alizaliwa huko ziwani, na alipokuwa kijana kamba ya mtumbwi ilimkata kidole cha pete cha mkono wa kulia, kikabaki kifupi, chenye ncha laini isiyo na ukucha. Nilikuwa napenda kukikamata nikilala. Safari hii alienda kama kawaida, na nyuma yake barabara ikafungwa, na habari zilizotoka ziwani zikawa za vijiji kuungua. Mama aliacha kumtania Tonton. Alikuwa mwanamke wa kusema, tena wa kusema haraka, na nilipomwona ananyamaza siku nzima akichambua mchele ambao ulikuwa safi tayari, nilianza kuogopa.

Hatukuwa na picha ya baba hata moja. Nyumba yetu ya kwanza, tuliyoikimbia kabla ya kuhamia parsele hii, ilikuwa imeungua na kila kitu. Kwa hiyo mama alimfuata Tonton na kumwomba amchoree mume wake. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kona yangu. Alieleza kwamba watu wameanza kufika kwa miguu kutoka upande wa ziwa, na kwamba anataka kusimama pale njia inapoingilia mjini na kuwaonyesha. Jina halitoshi, alisema, kina Étienne ni wengi. Anataka sura. Mtu akiiona sura atajua kama alimwona, na alimwona wapi, na kama alikuwa muzima. Tonton alimjua baba vizuri, walikuwa wakibishana kila Jumapili kuhusu samaki yupi ni mtamu. Alisema atamchora, ila rangi nyeupe aliyokuja nayo kutoka Kinshasa imebaki kidogo mwishoni mwa tyubu, na hapa Bunia ya namna hiyo haipatikani, kwa hiyo mama aombe Mungu mkono wake usikosee.

Nilimwona baba anakuja. Sijui niseme vipi vingine. Tonton huanza na giza, anapaka shuka lote kahawia mpaka linafanana na udongo uliolowa, halafu anafuta kwa kitambaa, na pale alipofuta mtu anaanza kuwepo. Siku ya kwanza kulikuwa na mabega. Mama alisimama nyuma akisema hapana, yameinama zaidi, amebeba vikapu maisha yake yote. Siku nyingine kukawa na kichwa, na kapu la samaki magotini, na mikono juu ya kapu. Aliniuliza mimi kuhusu kile kidole, nami nikamwonyesha kwenye kidole changu mahali kinapokatika. Nilikuwa na furaha kubwa siku hizo, lazima niseme. Baba alikuwa gizani, kahawia juu ya kahawia, unamwona ukitaka kumwona. Nilienda kumsalimia asubuhi na jioni, na moyo wangu ulikuwa mtulivu kabisa kwa sababu nilijua yuko muzima.

Siku Tonton alipoifungua tyubu nyeupe nilikuwa nimembeba Baraka mgongoni. Aliikunja kutoka chini kama mama anavyokunja ile ya dawa ya meno, ikatoka rangi kiasi cha punje ya haragwe. Akaichanganya na njano kidogo na nyekundu kidogo. Kisha akaanza kuweka mwangaza usoni kwa baba. Aliweka kwenye paji, akaweka kwenye pua, akaweka kwenye shavu, na baba akatoka gizani akanitazama. Alifanana mno. Alifanana mpaka nikasikia harufu ya samaki. Nikarudi nyuma, kwa sababu sasa alikuwa kama yule mama wa mihogo, na kama yule msichana wa homa.

Nilimvuta Tonton shati. Nikamwambia, "Tonton, umufanye papa akuwe muzima."

Akaniangalia kwa upole, akaniambia ndicho anachofanya, nisubiri kidogo. Akachovya tena, akaongeza mwangaza chini ya jicho. Nikalia. Akanyanyua brashi, akaniuliza kama baba hafanani, nikasema anafanana. Akaongeza tena, masikini, akidhani ninataka awe hai zaidi. Kila nilivyomwomba amfanye muzima, ndivyo alivyozidi kumuua mbele ya macho yangu. Baraka naye akaanza kulia mgongoni kwa sababu mimi nalia.

"Hapana vile," nikasema mwishowe. "Umuzime. Wale wengine uliwazima. Papa umuweke mule mu giza, pamoja na bazima. Usimuweke kwa ile mwangaza ya bafu."

Bafu kwetu ni wafu, na bazima ni wazima. Tonton aliweka brashi chini. Alitazama picha ya mama yake, akamtazama yule msichana, akawatazama majirani mmoja mmoja na kila mmoja mahali alipokaa. Niliona midomo yake inasogea, anasema lile neno polepole, namuzima, mara moja hivi na mara moja vile. Alianza kucheka, halafu kicheko kikamwacha. Akaketi kwenye kigoda cha wanaochorwa, ndani kabisa ya mwangaza, nami nikamwambia atoke hapo. Akatoka.

Angeweza kunieleza. Nimefikiria hilo mara nyingi, na sasa nina watoto ambao nawaeleza kila kitu mpaka wanachoka. Angeweza kuniambia kwamba kuzima ni kazi tu ya brashi, kwamba mama yake aling'aa kwa sababu alimkumbuka sana. Hakusema. Labda aliona kwamba akivunja imani ile hana cha kunipa badala yake. Alichukua kisu chake chembamba, akaukwangua mwangaza wote usoni kwa baba, taratibu, asipoteze hata chembe, akaukusanya kwenye kibao. Uso ukarudi kahawia. Kisha akaniuliza kama mkono peke yake unaweza kufa.

Nilifikiri kwa makini sana. Nikamwambia hapana, mkono hauwezi kufa peke yake.

Basi akauweka mwangaza wote kwenye mkono wa kulia. Rangi ile kidogo, iliyokuwa ndogo kwa uso, ilitosha mkono na kubaki. Mishipa ilitokeza, magamba ya samaki yakametameta kwenye vifundo, na kile kidole kifupi kikawa kitu cha kwanza ambacho jicho lako lilikiona ukiingia chumbani. Nyuma yake, juu, ukikaza macho, kulikuwa na mwanaume aliyekaa gizani ametulia. Nilimshukuru Tonton kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa.

Mama alikuja jioni kuichukua. Aliikagua picha kona hadi kona, halafu sauti yake ikatoka ndogo na ya hatari. "Gaspard, sura ya bwana yangu iko wapi?"

Tonton alitazama kucha zake. Nilitegemea anitaje, lakini alisema tu kwamba rangi haikutosha. Mama akamwambia kwamba aliomba kitu kimoja, kimoja tu, na kwamba ataonyesha nini watu barabarani, ataonyesha giza? Sijawahi kumwona mama akimkasirikia mtu vile kwa sauti ya chini, na niliingia nyuma ya mlango. Mama akaiinua picha aondoke nayo hivyo hivyo, akafika kizingitini, akaitazama tena kwenye mwanga wa nje. Akasimama.

Mnakumbuka siku zile watu walikuwa wanatazamana pua kabla ya kusalimiana. Urefu wa uso, unene wa midomo, hata meno, vilikuwa vinakuambia mtu ni wa upande gani, au walidhani vinawaambia, na watu wengi walikufa kwa kufananishwa tu. Mama angesimama barabarani na sura kubwa inayong'aa mbele ya kila apitaye. Niliona wazo hilo likimfikia pale mlangoni. Alikaa kwenye ngazi.

"Mukono haina kabila," akasema.

Akaifunika picha kwa kikwembe chake, kile kitenge alichojitanda, akamwambia Tonton asante, akaenda jikoni.

Kuanzia siku iliyofuata tulisimama mahali ambapo njia ya ziwa inaingilia mjini, mama akiwa na Baraka mgongoni na picha mbele, mimi nimeshika pindo. Watu walikuja na magodoro, na kuku, na wengine bila kitu chochote, miguu imepasuka. Mama hakupiga kelele wala hakumzuia mtu. Alifunua tu. Wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walikuja kuangalia ni nini, wakaona mkono na samaki, mmoja akauliza unauza samaki gani, wakacheka wakaondoka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile mwili unanisisimka. Waliopita wengi walitikisa kichwa. Wengine walisimama wakautazama mkono muda mrefu, wakalia, halafu wakasema hawaujui, wanalia tu.

Aliyeujua alikuwa mwanamke mnene aliyenuka moshi wa samaki kama sisi. Alikuwa amekwisha kutupita. Akarudi kinyumenyume, akakigusa kile kidole kwenye shuka.

"Huyu alinipimiaka samaki," akasema. "Nilimuona akipanda mutumbwi na watu, kuelekea Uganda. Siku ile alikuwa muzima. Ya kisha, sijue, mama. Sitakudanganya."

Mama alimwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno, kwa subira. Mama akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akaniambia nimshikie picha, akajifunika uso kwa kikwembe. Nilijua analia kwa furaha, na nilishangaa, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia muda wote kwamba aliye gizani yuko muzima.

Tulingoja kwa muda mrefu, na sitawaeleza kungoja, mnakujua. Picha tulikuja kuiacha tulipokimbia mara nyingine, na Tonton Gaspard mwenyewe alikwenda upande wa Kisangani na sikusikia habari zake tena. Ningependa kumwona. Ningependa kumuuliza kama amepata rangi nyeupe.

Lakini kabla ya hayo baba alirudi. Alirudi saa sita mchana, jua liko utosini, nami nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua maharage. Lango la matete likasukumwa, na katikati ya ua akasimama mwanaume aliyekonda, kichwa wazi, amewaka kote. Paji linang'aa, pua inang'aa, mashavu yanang'aa. Hakuna mahali hata pamoja palipozimwa. Alitabasamu, akafungua mikono, akaniita jina. Nilimwaga maharage, nikakimbia ndani, nikaingia chini ya kitanda nikapiga yowe.

Nilimsikia mama akitoka jikoni, na sauti aliyoitoa sijui niiandikeje. Kisha nikasikia wanashikana, wanalia, kisha baba anauliza kwa unyonge mtoto ana nini, amemsahau, anamwogopa. Sauti ilikuwa yake. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, kwamba sauti ilikuwa yake kabisa. Nikaendelea kulia. Mama alianza kumweleza, akacheka katikati ya machozi akashindwa. Tonton alikuwa ametoka aneksi kwa kusikia kelele. Alizunguka nyumba kwa nje, akasukuma ubao wa dirisha la kwanza, ukafunga, akaenda la pili, ukafunga, na chumba kikawa giza.

"Ingia ndani, Papa Furaha," mama akasema. "Anakuogopa mu mwangaza."

Niliona kivuli chake kikiinama mlangoni, na mlango ukafungwa nyuma yake. Akakaa sakafuni. Sikuona kitu. Nilisikia anapumua, na nikasikia harufu ya jasho na barabara, na chini yake, mbali kidogo, samaki.

"Uko muzima?" nikauliza kutoka chini ya kitanda.

"Niko muzima, mwanangu."

Nikatoka kwa magoti. Nilimgusa goti kwanza, halafu nikapanda. Alinishika kwa nguvu mpaka ikauma, akasema nimekuwa mzito, akaomba anitazame kidogo, mama afungue dirisha ili yeye amwone binti yake jinsi alivyokua. Nikamng'ang'ania shingo nikakataa. Mama akasema utamwona kesho. Akatuletea chakula, akapapasa mpaka akapata mkono wa kila mtu na kuuweka kwenye sahani, Baraka akalala kabla hajashiba. Baba aliuliza tena mara moja kuhusu dirisha, kisha akaacha. Tulikula hivyo, mchana kweupe, wote wanne gizani, na hakuna aliyefungua.